Kazi Ni ya AC, Fomu Yauliza Mashemeji

SWALI: "Assalaam alaikum. Mimi ni fundi wa AC na umeme hapa Amu (Lamu), nina kampuni ndogo ya watu wanne. Tumepata kazi ya miezi mitatu chini ya mkandarasi mkubwa, katika kituo chenye ulinzi mkali upande wa bara. Kabla hatujaingia tumeletewa fomu ya kurasa 19: tulikoishi miaka kumi iliyopita, akaunti za benki, majina ya wazazi, wake, watoto na mashemeji, jamaa walio nje ya nchi, mpaka nywila za Facebook. Walioajiriwa palepale wanasema wao walipeleka cheti cha tabia njema tu. Kijana wangu mmoja ni Mbajuni wa Kiunga, ana ami zake Kismayu, Somalia. Mwengine aliwahi kushtakiwa kwa bangi na kesi ikaondolewa. Nimeshakusanya picha za vitambulisho vyao kwa WhatsApp. Je, ni haki mtu wa kandarasi ya miezi mitatu achunguzwe kuliko mwajiriwa? Nikikataa nakosa kazi, nikikubali naogopa vijana wangu wawili wataungua. Nifanye nini?"

JIBU: Waalaikum salaam, fundi. Kazi ya kuchuja watu wanaoingia sehemu nyeti nimeifanya zaidi ya miaka ishirini, mingi yake hapa hapa Pwani, na fomu kama hiyo nimewahi kuitunga kwa mkono wangu. Kwa hivyo nikiikosoa, najikosoa na mimi. Nianze na la haki, maana naona ndilo linalokuchoma: wewe wa miezi mitatu waulizwa mashemeji, na yule anayeshinda ndani mwaka mzima aliulizwa cheti.

Mkandarasi anaweza kuchunguzwa kwa kina, na zipo kazi ambazo ni lazima achunguzwe. Ila kina hicho kipimwe kwa kile ambacho mkono wake utagusa. Fundi atakayeingia chumba cha seva peke yake saa nane za usiku achunguzwe sawasawa na mwajiriwa mwenye ufunguo wa chumba hichohicho. Fundi atakayesafisha filta za AC za kantini, askari amesimama ubavuni, mashemeji zake hawahusiki. Kituo kinachompa kila mtu wa nje kurasa 19 na kila mtu wa ndani karatasi moja, bado hakijakaa chini kuipima hatari. Kimetazama tu nani mgeni na nani mwenyeji.

Lakini hofu yao usiidharau. Unajua tulikopita. Mauaji ya Mpeketoni, Juni 2014, hatuhitaji kusimuliana. Tarehe 5 Januari 2020 al-Shabaab wakavamia uwanja wa ndege wa Manda Bay, Wamarekani watatu wakauawa, na wawili kati ya hao watatu walikuwa wakandarasi. Jambo hilo watu hulisahau wanapozungumza juu ya mkandarasi kana kwamba yeye kila mara ndiye wa kuogopwa. Siku ile yeye ndiye aliyezikwa. Na jeshi la Marekani lilipotangaza matokeo ya uchunguzi wake, Machi 2022, lawama ziliangukia maandalizi hafifu ya ulinzi na kutolielewa tishio lenyewe. Nalitaja hili kwa sababu baada ya kila shambulio maofisa hukimbilia fomu. Fomu ni rahisi kurefusha. Uzio na doria ni pesa.

Sasa nikueleze mchunguzi anatafuta nini, maana wengi hudhani anatafuta dhambi. Kwanza anataka kujua kama wewe ndiye huyo unayesema ndiye. Hapa ndipo miaka kumi ya makazi inapoingia: mtu aliyejitungia jina jipya huwa hana jana. Halafu anatafuta kamba ambayo mtu mwengine anaweza kukuvuta nayo. Mtu mwenye madeni yaliyomfika shingoni anaweza kununuliwa, mwenye siri anayoogopa mkewe aijue anaweza kutishwa, na mwenye mzazi mikononi mwa watu wabaya anaweza kulazimishwa. Ndiyo maana ya maswali ya benki na jamaa wa nje. Deni au jamaa peke yake si kosa. Mchunguzi mzuri hutazama kama jambo lenyewe umelisema au umelificha, kwa sababu lililokwisha kusemwa halikutishi tena. Katika miaka yangu, watu niliowaona wakiangushwa na uongo mdogo kwenye fomu ni wengi kuliko walioangushwa na jambo lenyewe walilokuwa wanalificha.

Hapo pana dhana potofu mbili, moja yao na moja yako.

Yao ni kwamba uchunguzi wa kina ni ngao. Mtazame Edward Snowden: mwaka 2013, alipotoa siri za ujasusi za Marekani, alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya kandarasi, na uchunguzi wa juu kabisa alikuwa ameshaupita. Mwaka huohuo, Septemba 16, Aaron Alexis, fundi wa kompyuta wa kampuni ya kandarasi mwenye kibali halali, aliua watu 12 katika kambi ya wanamaji mjini Washington. Miaka ya nyuma aliwahi kukamatwa Seattle kwa kupiga risasi magurudumu ya gari la watu. Ripoti ya uchunguzi wake iliandika kwamba aliyatoa upepo magurudumu. Bunduki haikutajwa. Maneno mawili yakabadilisha sura ya mtu mzima. Baadaye serikali ya Marekani ikaishtaki kampuni iliyokuwa ikifanya sehemu kubwa ya chunguzi hizo, ikidai kwamba kati ya 2008 na 2012 ilikabidhi faili zaidi ya 665,000 bila kuzikamilisha sawasawa. Hapo ndipo urefu wa fomu unapokufikisha: kurasa zikizidi uwezo wa wasomaji, msomaji hugonga muhuri na kwenda chakula cha mchana.

Yako ni kwamba fundi wa AC hana la kuchunguzwa. Samahani, ndugu yangu, lakini katika masuala ya usalama fundi wa AC ni mtu maarufu. Mwishoni mwa 2013 wezi waliingia kwenye mitambo ya maduka ya Target huko Marekani wakaondoka na namba za kadi za benki zipatazo milioni 40. Mlango wao ulikuwa akaunti ya kampuni ndogo iliyokuwa ikihudumia mitambo ya majokofu na kupoza hewa. Hakuna fundi aliyehongwa. Kompyuta ya kampuni ile iliingiliwa kwa barua pepe yenye kirusi, nywila ikaibwa, na duka lilikuwa limempa mkandarasi njia ya kuingia mtandaoni bila kuitenga vizuri na sehemu nyengine. Ungewauliza mafundi wale mashemeji zao mpaka kesho, usingelizuia lile. Swali la maana lingekuwa: kompyuta unayotumia kuingia kwetu, nani mwengine anaitumia? Lipo katika kurasa zako 19? Kama halipo, fomu hiyo imemchunguza mtu ikasahau mlango anaopitia.

Nami yangu yalinifika. Katika mradi mmoja wa hapa Pwani tulimchunguza fundi bomba kwa wiki tatu, mpaka tukaenda kuuliza kwao kijijini. Wakati huohuo nyaya za shaba zilikuwa zinatoka stoo usiku. Aliyezitoa alikuwa mtunza stoo, mwajiriwa wa miaka tisa, mpole, wa kwanza kufika kazini. Alikuwa akitumia beji ya mtu aliyeacha kazi miezi minane nyuma, ambayo hakuna aliyekumbuka kuifunga. Kikulacho ki nguoni mwako, wasema wazee, na sisi tulikuwa tunapekua nguo za jirani. Tangu siku hiyo, nikiitwa kutoa ushauri, kitu cha kwanza ninachoomba kuona ni orodha ya beji zinazofanya kazi.

Tuje kwenye sheria. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inamlinda mwajiriwa, na mwenye kandarasi yake mwenyewe kwa sehemu kubwa yuko nje yake. Hapo kweli umepungukiwa. Lakini Katiba haiulizi mtu ana kandarasi gani. Ibara ya 31 inampa kila mtu haki ya kutodaiwa habari za familia yake au mambo yake ya faragha pasipo lazima. Lishike neno hilo, pasipo lazima. Haisemi usiulizwe kamwe. Inamtaka anayeuliza awe na sababu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakaza zaidi: majina ya watoto, wazazi na wenzi, habari za mali, asili ya kabila, afya na alama za vidole zote zimewekwa katika fungu la data nyeti. Anayezikusanya anapaswa kukwambia kabla: anazitakia nini, atampa nani, atazilinda vipi, kujaza ni hiari au ni lazima, na usipojaza litatokea nini. Lazima nikwambie pia upande wa pili. Sheria hiyohiyo ina msamaha kwa yanayohitajika kwa usalama wa taifa. Kama kituo ni cha ulinzi wa nchi, nguvu yako ya kudai inapungua, na uchunguzi unaweza kufanywa na vyombo vyenyewe vya serikali. Lakini mkandarasi mkubwa aliyekuletea fomu si chombo cha serikali. Asijifunike shuka isiyo yake.

Na kwa nini nahangaika na nani anashika hizo karatasi? Mwaka 2015 ofisi ya serikali ya Marekani inayotunza faili za uchunguzi wa watu ilitangaza kwamba imedukuliwa, na habari za watu milioni 21.5 zikachukuliwa. Karibu milioni 1.8 kati yao hawakuomba kazi yoyote. Wengi wao walikuwa wake, waume na watu wanaoishi na walioomba. Hao ndio mashemeji wako. Ofisi ya serikali kubwa kama ile ilishindwa kuwalinda; uliza basi faili la kurasa 19 linalowekwa kwenye kontena la ofisi ya mradi linafungwa kwa kufuli gani.

Turudi kwenye fomu, basi. Nywila za Facebook usitoe, wala wewe wala vijana wako, hata ukiambiwa ni sharti. Hakuna uchunguzi wa heshima unaohitaji nywila. Mwenye nywila yako anaweza kuandika kwa jina lako, na uchunguzi wenyewe unakuwa umeharibika, maana haijulikani tena lipi umeandika wewe. Kama wanataka kuona unachoandika hadharani, wasome yaliyo hadharani. Wakidai upimwe HIV ndipo upewe kazi, hilo nalo limekatazwa na sheria ya 2006.

Benki: ripoti ya mikopo kutoka ofisi za kumbukumbu za mikopo, zile za CRB, inatosha kwa anayehusika na fedha au vifaa vya thamani. Taarifa za akaunti mwezi kwa mwezi ni kupita kiasi kwa fundi. Jamaa: kutaja jamaa wa karibu walio nje ya nchi kwa anayeingia sehemu nyeti kabisa naliona lina maana. Mashemeji wote wa fundi wa kantini silioni.

Makazi ya miaka kumi ndiyo yatakayokusumbua kuliko unavyodhani, si kwa ubaya. Fomu hizi zimetungwa na watu wa miji yenye namba za nyumba. Amu utaandika nini? "Mkomani, nyuma ya nyumba ya sharifu"? Nimeona faili zikikaa mwezi mzima kwa sababu hiyo. Andika mtaa, jina la mwenye nyumba, na mzee wa mtaa atakayethibitisha, kisha chukua barua ya chifu. La majina vilevile: kitambulisho kinasema Mohamed Ali, cheti cha shule Muhammad Aly, na benki wameongeza la babu. Kwa kompyuta hao ni watu watatu. Kama majina yanapishana, apeni hati ya kiapo mbele ya wakili kabla hamjaulizwa.

Kijana wa Kiunga. Najua kwa nini umemtaja kwa hofu. Wabajuni wamepigwa msasa tangu kwenye kitambulisho chenyewe, wakiulizwa babu wa babu, hali jirani yake kutoka Nairobi anachukua chake kwa wiki chache. Februari 2025 Rais William Ruto alitia sahihi akiwa Wajir kuondoa uchunguzi ule wa ziada wa vitambulisho kwa wakaazi wa kaunti za mpakani. Karatasi imebadilika, ingawa mazoea ya mezani huchelewa. Mwambie kijana awaandike ami zake waziwazi: jina, mji, mara ya mwisho kuzungumza nao, na kama anawatumia pesa. Wabajuni wako pande zote mbili za mpaka tangu kabla mpaka haujachorwa, na mchunguzi yeyote wa Pwani anayeijua kazi yake hilo halimshtui. Akiwaficha, wakaja kuonekana kwenye simu au kwa kutuma pesa, hapo ndipo pana moto. Lakini akikataliwa kwa sababu tu ya Ubajuni wake au Kiunga yake, huo ni ubaguzi, Ibara ya 27, na jambo hilo usilinyamazie.

Wa bangi. Aende mahakama iliyosikiliza kesi akachukue nakala iliyothibitishwa ya uamuzi, na asome imeondolewa kwa kifungu gani. Ikiwa ni kifungu cha 87(a) cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, ameachiliwa, lakini upande wa mashtaka unaweza kurudi. Ikiwa mahakama ilimwachia huru kwa kukosa kesi ya kujibu, hiyo ni safi zaidi. Vyovyote iwavyo, hajahukumiwa. Fomu ikiuliza "umewahi kuhukumiwa?", jibu ni hapana. Ikiuliza "umewahi kushtakiwa?", jibu ni ndiyo, na nakala iambatanishwe. Asome swali mara mbili. Na aombe cheti cha tabia njema mapema kupitia eCitizen, atoe alama za vidole, ili kama DCI, idara ya upelelezi wa jinai, bado wana rekodi ya zamani ijulikane sasa, si siku ya kuripoti kazini.

Sasa wewe mwenyewe, fundi, nikugeukie kidogo. Unalalamikia watu wanaokusanya habari ovyo, nawe una picha za vitambulisho vya vijana wako kwenye WhatsApp. Mbele ya sheria wewe nawe ni mkusanyaji. Zihamishe mahali penye nywila, zifute kwenye simu na kwenye gumzo, na kazi ikiisha usizibakishe bila sababu. Simu ikidondoka jetini Mokowe, picha hizo zitasajili laini za watu usiowajua.

Kuhusu kukubali au kukataa, kuna njia ya katikati ambayo mafundi hawaitumii kwa kuogopa kuonekana wakaidi. Omba kikao na afisa wa usalama wa kituo mwenyewe; usizungumze na karani wa mkandarasi. Nenda na mchoro wa kazi: vyumba gani mtaingia, saa ngapi, na nani kati yenu. Pendekeza wewe na fundi mmoja mchunguzwe kwa kina mkaingie vyumba nyeti, na wale wengine wawili wafanye kazi za nje na kantini kwa cheti, barua ya chifu na kusindikizwa. Afisa anayejua kazi atafurahi, kwa sababu umempunguzia faili mbili. Ulizeni pia kwa maandishi yale yanayotakiwa na sheria ya data niliyoyataja, na beji zenu zifungwe siku kazi inapoisha. Hilo la mwisho lisisitize. Ukija kuibwa umeme au nyaya baada ya wewe kuondoka, beji iliyo wazi ina jina lako.

Sikufichi kwamba unaweza kufanya yote haya na bado wakasema fomu ni ile ile, chukua au acha. Mimi ningekuwa wewe, ningejaza yote isipokuwa nywila, na kwenye mashemeji ningeandika "tafadhali elezeni sababu". Kama wangenifukuza kwa nywila, ningeiacha kazi. Kwa mashemeji peke yao, kusema kweli, nisingeiacha. Miezi mitatu ya mshahara wa watu wanne si mchezo mjini humu. Vijana wako wana haki ya kuamua vyao, kila mmoja peke yake, bila wewe kumtazama usoni.

Yapo ambayo barua yangu haiwezi kuyatatua. Mmoja wenu akiitwa kuhojiwa na polisi au kikosi chochote, asiende bila wakili, na nyumbani wajue ameitwa wapi. Akinyimwa kibali bila sababu, au kwa kabila, au akidaiwa kitu kidogo ili faili lisogee, muone wakili ana kwa ana. MUHURI, shirika la haki za binadamu la Mombasa, wamezoea kesi za Pwani za namna hii. Malalamiko ya data yanapelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, hayalipiwi, na sheria inawapa siku 90 kuyamaliza. Mnaweza pia kuomba kuona walichoandika juu yenu. Kanuni za 2021 zinawapa siku saba kujibu. Kila barua mnayopeleka, bakisheni nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, yenye tarehe.